Gari la Mzee: gumzo la familia, Ijumaa jioni

Dada Makambako: Shikamooni wakubwa. Nimeona status ya dogo kaweka gari la baba kaandika FERRARI ORIGINAL 1962 INAUZWA. Hiyo imekaaje??

Dogo Iringa: Kamwene familia. Sasa dada nikiandika nakala nani atapiga? toka asubuhi wamepiga watu 11 na mmoja yuko Dar anasema anakuja kesho na basi la usiku

Kaka Soweto: Dogo futa. Futa sasa hivi ndo tuongee

Dogo Iringa: nimefuta. ila bei tungepata nzuri kaka

Kaka Soweto: Shikamoo baba mdogo, shikamoo shangazi. Naomba nieleze maana wengine mlikuwa shule wakati mzee anahangaika nalo. Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36 tu dunia nzima, kati ya 1962 na 1964, zote zinajulikana ziko kwa nani. Moja ilipigwa mnada Marekani 2018 ikaenda kwa dola milioni 48 na ushee. Sasa mtu asome kwamba kuna nyingine Uyole imefunikwa turubai nyuma ya banda la kuku, si atatuona matapeli, na jina litakalochafuka ni la mzee maana ndo liko kwenye kadi. Na kadi yenyewe imeandikwa Datsun!

Dogo Iringa: kwa hiyo ni feki

Kaka Soweto: Usiliite feki mdogo wangu. Mzee hakumficha mtu hata siku moja, kila aliyeingia pale uani alimwambia hii ni Datsun 240Z nimeivalisha nguo za Ferrari. Hata huko Uingereza wengi wanaotengeneza nakala za GTO wanaanzia kwenye 240Z, boneti yake ni ndefu, siti zimekaa nyuma kabisa, injini silinda 6 zimepangwa mstari mmoja, ukitoa mabati ukavalisha faiba umbo linakubali. Ila kutoka tairi la mbele mpaka la nyuma ni fupi kama sentimita 9 kuliko Ferrari yenyewe, mjuzi akisimama tu ubavuni anajua. Na hiyo Ferrari yenyewe ina silinda 12, akiwasha tu huyo wa Dar angekuuliza nyingine 6 ziko wapi

Baba Mdogo: Marahaba wanangu. Na hiyo Datsun msiidharau. Mwaka 1971 240Z ndiyo ilishinda Safari Rally, 1973 Shekhar Mehta akashinda nayo tena. Sisi tulikuwa vijana tumejazana kwenye redio moja kwa jirani. Kaka alipokuja kuipata ya kwake, imekufa, panya wamezaa kwenye siti, alinipigia simu usiku kunieleza tu rangi yake. Mambo ya Ferrari yalikuja baadaye kabisa.

Shangazi Uyole: Mi nakumbuka yale matundu matatu ya pale puani. La katikati lilikuwa linapinda alilirudia mara nne. Namletea uji namkuta kachuchumaa na msasa ana vumbi jeupe mpaka kwenye kope, nikimwambia kaka funga kitambaa puani anasema namaliza hapa tu. Uji unapoa

Dada Makambako: 😢

Shangazi Uyole: Sasa nani anasaini? isije ikawa ugomvi baadae

Dada Makambako: Mimi shangazi, barua ya usimamizi wa mirathi nilishapewa mahakamani. Mkataba tuandikie kwa wakili na pesa iingie kwenye akaunti ya mirathi, sio kwenye simu ya mtu

Kaka Soweto: Sawa kabisa. Na mnunuzi aambiwe mabaya yote kabla hajatoa nauli. Sakafu upande wa dereva ilikuwa imeliwa na kutu nimechomelea bati jipya, geji ya mafuta haisomi, faiba ina ufa juu ya tairi la nyuma kushoto unaingia kucha. Ile alama ya farasi aliyobandika fundi wa rangi nimeshaibandua.
Kingine cha muhimu sana, kabureta, zile zinazochanganya mafuta na hewa. Ziko mbili na nimezisawazisha kwa hewa ya huku kwetu, Mbeya tuko kama mita 1,700 juu hewa ni nyepesi, mwanzo lilikuwa linabugia mafuta plagi zinatoka nyeusi kama mkaa, nikawa nakaza ile nati ya chini kidogo kidogo, naenda mpaka Mlima Nyoka narudi natoa plagi naangalia, mpaka zikawa rangi ya chai ya maziwa. Sasa akiteremka Kitonga kwenda Dar hewa inakuwa nzito, mafuta yatakuwa machache injini itachemka. Lazima arudishe nati zote mbili, nimeweka alama ya rangi nyeupe mahali pa kuanzia. Akiiua ile injini njiani kwa sababu hatukusema sitajisamehe

Dogo Iringa: sikujua yote hayo kaka. nimeandika upya someni
"INAUZWA. Nakala ya Ferrari 250 GTO, bodi ya faiba juu ya Datsun 240Z, injini ya Datsun silinda 6. Imetengenezwa na baba yetu Uyole kwa miaka tisa. Ina kasoro, piga simu tukueleze. Milioni 55"

Dada Makambako: Hapo sawa. Miaka tisa usiitoe

Dogo Iringa: nimewatumia wote 11. tisa kimya. mmoja anasema bei kubwa kwa Datsun. yule wa Dar kauliza kama kabureta ni za round top (kichwa cha duara) au flat top (kichwa bapa), nimemwambia sijui

Kaka Soweto: Round top!! mwambie round top. Huyo anajua anachotafuta, mpe namba yangu

Dogo Iringa: kasema ameshakata tiketi

Shangazi Uyole: Nitapika kande. Ndaga fijo, asanteni sana wanangu

Baba Mdogo: Msiliwashe kabla sijafika. Natoka Tukuyu alfajiri.