Nani kawatuma mita 600? Turudishieni mipangilio yetu ya bunduki

Wakuu, naandika nikiwa nimevurugwa, mnivumilie.

Jana usiku, kwenye mchezo wetu wa video wa ndege za Vita vya Pili vya Dunia, nimekaa mkiani mwa Bf 109, ndege ya kivita ya Mjerumani, mita 150 hivi, misalaba ya mabawani naiona kabisa. Nikaminya. Bunduki nane za Spitfire yangu, ndege ya kivita ya Mwingereza, zikanguruma, mistari ya risasi ikapita kushoto kwake na kulia kwake kama vile inampisha bwana harusi. Jamaa hata kona hakukata! Nikaminya tena, na tena. Spitfire ya 1940 ina risasi 300 kwa kila bunduki, yaani sekunde kama 15 tu za kufyatua, zikaisha zote. Mwenzake akashuka kutoka juu akanimaliza nikiwa bado nashangaa.

Nikarudi kwenye mipangilio. Makutano ya risasi: mita 600. Mimi niliacha 230! Kumbe sasisho la juzi limefuta namba za watu wote, na kwenye maelezo marefu ya "maboresho" ya watengenezaji wa mchezo hakuna hata mstari mmoja unaosema hivyo. Rangi mpya za mawingu wameziandikia aya tatu.

Kwa wageni: bunduki za Spitfire ziko mabawani, kwa hiyo zinaelekezwa ndani kidogo ili risasi zikutane mbele kwa umbali unaouchagua. Chukua bunduki iliyo mita 3 kutoka katikati ya ndege. Ukiweka makutano mita 600 halafu ukafyatua ukiwa mita 150, risasi yake bado iko mita 2.25 pembeni. Upande wa pili hivyo hivyo. Katikati una uwazi wa mita 4.5, na mwili wa 109 haufiki hata nusu ya hapo. Mabawa nayo ukiyatazama kwa nyuma ni kama ukingo wa sahani. Unapiga hewa. Ukiweka 230, pengo hilo linashuka hadi mita 2 na ushee, na ukirudi nyuma kidogo tu zote nane zinatua sehemu moja.

Na hili si jambo la kubuni sisi wachezaji. RAF yenyewe, jeshi la anga la Uingereza, iliingia vitani na bunduki zilizopangwa kwa masafa marefu, yadi 400. Marubani wakaona ndege za adui zinarudi kwao zimetobolewa lakini zinaruka. Mwaka 1940 marubani kama Sailor Malan wa kikosi cha 74 wakavuta makutano hadi yadi 250, hiyo mita 230 yangu, kwa sababu risasi ya milimita 7.7 ni ndogo, moja moja haifanyi kitu. Sasa leo mtu kakaa ofisini na kahawa yake anaturudisha nyuma hata ya hizo yadi 400.

Halafu wametuachia namba MOJA kwa bunduki zote. Mwenye Fw 190 A-8, ndege nyingine ya Mjerumani, afanyeje? Ana rashasha mbili juu ya injini, mizinga miwili kwenye mashina ya mabawa na mingine miwili nje zaidi. Zamani kila jozi ilikuwa na namba yake.

Nimewaandikia wahusika. Jibu: "jaribu kufanya mazoezi ya kulenga." Aisee! Nilenge nini, pengo?

Na wale mtakaokuja hapa na "mimi naua kwa mita 600 kila siku": unaua ndege kubwa za mabomu zinazokwenda moja kwa moja, mkuu. Njoo kwenye kona za karibu tuongee.

Tunachotaka ni kidogo: namba zetu zirudi, kila jozi na yake, na mkizigusa mseme. Mpaka hapo Spitfire nimeiegesha. Nimehamia P-38 ya Mmarekani, rashasha nne na mzinga mmoja, zote puani. Wazitawanye na hizo tuone.