Mkutano wa hadhara uliopangiwa waulizaji: mwandishi nifanyeje?

Mwandishi wa Mwaloni (Kigoma)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu, hasa waandishi na waliowahi kufanya kazi halmashauri.

Mimi ni mwandishi wa redio ya jamii hapa Kigoma. Juzi tuliitwa kwenye mkutano wa hadhara katika mwalo mmoja kaskazini mwa mji, kiongozi anakuja kusikiliza kero. Ajenda kubwa ilikuwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Huku kwetu hilo si jambo dogo. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, wanawake wanaoanika dagaa walikaa miezi mitatu chanja zikiwa tupu, na wengi walitegemea mkopo huo washike biashara nyingine. Mikopo yenyewe ilikuwa imesitishwa tangu Aprili 2023. Sasa imerejeshwa, na wanachotaka kujua ni vikundi gani vimepata, vimepata shilingi ngapi, na kwa nini wengine kila wakienda wanaambiwa wasubiri mfumo.

Nilifika mapema, watu hawajajaa. Nikamkuta ofisa mmoja ana kaunta buku, anapita viti vya mbele. "Wewe utauliza barabara. Wewe utashukuru kwa zahanati, halafu uombe gari la wagonjwa. Wewe mkopo, useme kikundi chenu kimepata." Huyo wa tatu, mama mmoja wa makamo aliyejifunga kitenge cha njano, akauliza: "Tumepata lini?" Akajibiwa: "Mtapata. Leo sema mmepata." Akainama, akaanza kukunja na kukunjua pindo la kitenge chake. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa, nimesikia kila neno.

Mkutano ulipoanza, maiki ikapita kwa walewale na kwa mpangilio uleule. Wanawake waliokuwa nyuma, pembeni ya mitumbwi, walinyoosha mikono mpaka wakachoka. Mama wa kitenge cha njano alisimama akasema alichoagizwa, makofi yakapigwa. Sisi waandishi tulipotaka kuuliza tukaambiwa tutatumiwa taarifa, gari likaondoka. Jioni ikaja kwenye WhatsApp: aya chache, wananchi wameishukuru serikali, na picha za kiongozi akipungia watu mkono.

Mhariri anataka habari. Mimi siko tayari kuisoma taarifa ile hewani kana kwamba ndiyo iliyotokea. Lakini nikisema nilichokiona, yule mama atajulikana. Niiripoti vipi? Na ile orodha ya vikundi vilivyokopeshwa naipata wapi kwa njia halali?

Nawasilisha.

Fundi Spika wa Isevya

Mkuu, mimi nakodisha muziki hapa Tabora. Kampeni, injili, harusi, mikutano ya vyama vya msingi vya tumbaku, kote huko nimefunga spika. Ulichokiona kwenye kaunta buku kina mwenzake kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti.

Maiki ya wananchi mara nyingi haiachiwi mwananchi. Anaishika ofisa, anamsogezea mtu mdomoni, na swali likianza kwenda pabaya anairudisha kwake: "Ahsante, umeeleweka." Hiyo ndiyo njia ya kwanza. Ya pili ni kwangu mimi fundi. Nakuwa nimeshaambiwa nimwangalie mtu fulani pale jukwaani, akishusha kiganja anamaanisha nipunguze. Sauti inafifia, watu wanadhani betri imekwisha, anayeuliza anajisikia vibaya anakaa. Kule Sikonge niliwahi kutakiwa nimshushe mama mmoja aliyekuwa anauliza makato kwenye malipo ya tumbaku yake. Nilikataa, akamaliza swali lake lote. Ofisi ile haijaniita tena kwenye kazi, na sijutii.

Kwa hiyo siku nyingine usikae kwenye viti vya waandishi kule mbele. Njoo kwa fundi, omba uchomeke kinasa sauti chako kwenye mikisa, wengi wetu tutakuruhusu. Utapata sauti safi, na utasikia wazi maiki gani imezimwa na ilizimwa saa ngapi.

Mtendaji Mstaafu

Mleta mada, salaam. Nimekuwa mtendaji wa kijiji, kisha wa kata, huku Kibondo, mpaka nimestaafu. Naomba nitofautiane kidogo na mnavyolitazama.

Kukusanya maswali mapema si kosa. Ukiachia maiki hivihivi, wanaume watatu wanaojua kusema watakula saa nzima, na hao wanawake wa pembeni ya mitumbwi hawatasikika vilevile. Swali likiandikwa kwenye karatasi, hata asiyeweza kusimama mbele za watu anauliza. Kosa ni kumwandikia mtu jibu. Kumwambia mama aseme amepata mkopo ambao hajapata ni kumfanya aseme uongo mbele ya majirani zake, na hilo mimi silitetei hata kidogo.

Lakini mjue kwa nini yule ofisa anapita na daftari. Anaogopa. Kiongozi akiulizwa jambo asilolijua, hasemi "sijui, nitafuatilia". Anageuka: "Mtendaji yuko wapi? Njoo hapa ujibu!" Watu wanashangilia. Nimeona wenzangu wakisimamishwa kazi palepale jukwaani, hawajapewa barua, hawajahojiwa, hawajapewa hata nafasi ya kwenda kuchukua faili. Aliyeshuhudia hilo mara moja, mkutano unaofuata atapanga maswali hata asipoagizwa na mtu. Wananchi wanapenda kumwona mtumishi akiumbuliwa, kisha wanashangaa kwa nini hawaambiwi ukweli.

Ziara ya kiongozi si mahali pa kupata hesabu. Kijijini kuna mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu ni kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Hapo mapato na matumizi yanasomwa na muhtasari unaandikwa. Mjini kuna mkutano wa mtaa. Juu yake kuna baraza la madiwani, ambalo taarifa za mikopo hufika mezani kwake. Waandishi wengi hamuendi huko kwa sababu hakuna msafara wa magari.

Mama wa Chanja

Mwanangu, mimi naanika dagaa Katonga. Mjukuu wangu ndiye amenisomea hii na ndiye anayeniandikia.

Huyo mwenzetu wa kitenge msimlaumu. Anayempangia swali ndiye huyohuyo anayepitisha fomu ya kikundi chake. Angekataa vipi? Kikundi chetu tumeandika katiba, cheti cha usajili tunacho, akaunti benki tumefungua, na kila tukienda ni njooni wiki ijayo. Ukisimama na kusema hayo mbele ya wageni, fomu yako inakwenda chini ya mafaili.

Sauti yake usiirushe. Hata ukisema "mama mmoja wa kitenge cha njano", pale mwaloni tayari tunamjua. Ukitaka maswali yetu njoo alfajiri mitumbwi ikirudi, tukiwa tunagawana dagaa kwa ndoo. Saa hiyo hakuna ofisa, na sisi tuna mengi ya kuuliza.

Kalamu ya Kasulu

Mdogo wangu, nimeandika habari za mkoa huu tangu enzi za kutuma stori kwa faksi. Msikilize Mama, msikilize na Mzee Mtendaji, wote wamesema kweli.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Marekani, tarehe 23 Oktoba 2007, shirika la serikali la maafa, FEMA, liliitisha mkutano na waandishi kuhusu moto wa California. Waandishi wakapewa taarifa robo saa tu kabla. Walioshindwa kufika wakapewa namba ya simu ya kusikilizia, bila nafasi ya kuuliza. Ukumbini naibu mkuu wa shirika, Harvey Johnson, akaulizwa maswali laini, akayajibu vizuri, televisheni zikarusha moja kwa moja. Waliokuwa wakiuliza ni wafanyakazi wa FEMA wenyewe. Gazeti la Washington Post likalianika baada ya siku chache, shirika likaomba radhi.

Miaka miwili baadaye, 1 Julai 2009, Rais Obama alikuwa na mkutano wa wananchi kuhusu afya huko Annandale, Virginia, na maswali yalichaguliwa na watu wake. Siku hiyohiyo Helen Thomas, mwandishi aliyekuwa Ikulu yao tangu enzi za Kennedy, pamoja na Chip Reid wa CBS, walimbana msemaji Robert Gibbs mbele ya kamera kuhusu uteuzi wa maswali hayo. Gibbs hakufurahi, lakini hakuwa na pa kukimbilia, kwa sababu kukaa mbele ya waandishi ndiyo kazi yake ya kila siku.

Hapo ndipo ninapotaka utazame. Kupanga waulizaji kunatokea hata kwa wenye magazeti makubwa. Cha kudai ni mahali pengine ambapo swali lisilopangwa linajibiwa. Sisi mahali hapo tumekuwa tukipunguziwa. Januari 2016 Nape Nnauye, Waziri wa Habari wa wakati huo, alitangaza kwamba TBC, televisheni ya taifa, haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja, sababu ikiwa gharama, tukabaki na vipande vilivyochaguliwa. Wananchi wa Kigoma waliokuwa wakimfuatilia mbunge wao anauliza nini na anajibiwa nini, wakawa wanasubiri kusimuliwa. Hilo liliniuma na bado linaniuma.

Kuhusu orodha: tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016. Andika barua kwa halmashauri kupitia afisa taarifa wake. Sheria inawapa hadi siku 30 kukujibu. Wakikataa wanatakiwa wakupe sababu kwa maandishi, na hapo unaomba mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi huo, kisha unakwenda kwa Waziri. Udhaifu wake nauona: anayeamua mwisho ni Waziri, naye ni wa serikali hiyohiyo. Hata hivyo barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ni habari tosha ukinyimwa. Taja pia Ibara ya 18 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa jamii.

Usiombe "taarifa za mikopo". Watakuletea hotuba. Omba jina la kila kikundi, kata yake, kiasi, tarehe ya malipo, na marejesho hadi sasa. Wakati unasubiri, soma ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ya serikali za mitaa, ipo kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Mikopo hii imekuwa ikitajwa humo mara kwa mara, marejesho yasiyofanyika na vikundi visivyokuwepo.

Na habari ya kwanza iandike ukiwa na ulichokishuhudia: kwamba waulizaji walipangwa kabla ya mkutano, kwamba waliokuwa nyuma hawakupewa maiki, kwamba waandishi hawakuruhusiwa kuuliza. Hakuna haja ya kumtaja aliyepangiwa wala swali alilopangiwa. Kabla hujarusha, mpigie ofisa habari, umsomee unachodai, umpe nafasi ya kujibu. Akikujibu, jibu lake liende hewani lote.

Mwandishi wa Mwaloni (Kigoma)

Nawashukuru wote, kwa kweli mmenisaidia.

Mama, nimekuelewa. Kitenge hakitatajwa wala sauti ya yule mama haitasikika, na kesho kutwa alfajiri nitakuwa Katonga, Mungu akipenda. Nitakuja na kinasa sauti lakini sitakiwasha mpaka mniruhusu.

Mzee Mtendaji, hilo la hofu ya ofisa nitaliweka ndani ya habari, kwa sababu wasikilizaji wetu ndio hao wanaoshangilia. Ningependa kukuhoji. Kama hutaki jina, tutasema mtendaji mstaafu wa wilaya moja ya Kigoma.

Kaka Kalamu, barua nimeshaiandika usiku huu. Nimeomba orodha ya vikundi vyote vilivyokopeshwa tangu mikopo irejeshwe, kata kwa kata, na yale matano uliyoyataja. Mhariri amekubali kusaini, hivyo inakwenda kama barua ya redio, siyo yangu peke yangu. Jumatatu naipeleka masijala mwenyewe na nakala nabaki nayo ikiwa na muhuri. Ofisa habari nimempigia leo, hakupokea, nimemwandikia ujumbe na kumpa hadi Jumanne mchana. Habari itaruka Jumatano, kipindi cha asubuhi.

Fundi, kuna swali moja: nikichomeka kwenye mikisa, natumia waya wa aina gani kwa kinasa sauti kidogo chenye tundu dogo kama la hedifoni?

Fundi Spika wa Isevya

Chukua waya wenye pini ndogo upande mmoja na RCA mbili upande wa pili, nyekundu na nyeupe. Hizo RCA chomeka kwenye tundu za mikisa zilizoandikwa REC OUT. Kinasa kiwe kimewekwa kwenye "line", usiache kwenye "mic", la sivyo sauti itapasuka. Na beba waya mrefu, mafundi wengi hawana wa ziada.