Kuboresha redio ya bei nafuu ya masafa mafupi

Swali (Kirumba): Ndugu zangu, redio yangu ndogo ya analogi hunasa masafa mafupi, lakini usiku stesheni huingiliana na mngurumo haukomi. Nianze kurekebisha wapi?

Jibu (Igoma): Kabla ya kuifungua, tumia betri badala ya adapta, uzime na taa za LED zilizo karibu, kwani mara nyingi mngurumo hutoka humo. Stesheni zikiendelea kuingiliana, badilisha chujio la seramiki la kilohezi 455 (kipande kidogo ndani ya redio kinachotenganisha stesheni zilizo karibu), uweke lenye upana mdogo zaidi wa masafa. Sauti itapoteza ung'avu kidogo, lakini maneno yatasikika.

Jibu (Pasiansi): Nakubaliana naye. Ongeza waya wa mita 5 nje ya dirisha, uuunganishe na antena kupitia kapasita (kijenzi kidogo cha umeme) ya pikofaradi 100, maana waya mrefu mno huilemea redio kama hiyo kwa mawimbi yenye nguvu kupita kiasi. Wingu la radi likianza kutanda ziwani, uchomoe waya huo mara moja.