Mzee wangu fundi saa mstaafu kanogewa na gemu za kufungua makasha: akimaliza hii nimpe ipi?

BintiFundi:
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu na gemu za mafumbo ya mitambo, zile za kufungua kasha lenye vitasa, gia na droo za siri.

Mzee wangu ametengeneza saa maisha yake yote. Siku hizi mikono inatetemeka na macho hayaoni tena skrubu ndogo, kwa hiyo kazi ameacha. Mdogo wangu alipokuja likizo akamwachia kishkwambi chenye The Room. Mzee hajawahi kucheza gemu ya aina yoyote, na Kiingereza chake ni cha kuombea maji, lakini sasa hakiachi. Anazungusha kidole kwenye kioo taratibu kabisa, kitasa kikiachia anatabasamu. Jana aliniita nione ufunguo aliouokota humo: ukiugeuzageuza, ncha yake inajikunjua na meno yanakuwa mengine. Akaniambia, "Aliyetengeneza hiki anaijua kazi."

Mama anasema gemu ni mambo ya watoto na mzee anajimalizia macho. Naombeni mnieleze, kwa nini imemkamata hivi? Na akimaliza nimtafutie ipi ambayo lugha haitamkwamisha?

Mkuu wa Gereji:
Dada, mzee ana jicho zuri. The Room ni ya Fireproof Games ya Uingereza, ilitoka 2012 kwa iPad, Android ikaipata 2013, na mwaka huohuo ikachukua tuzo ya BAFTA ya gemu bora ya Uingereza. Walioanzisha kampuni hiyo walikuwa wachoraji, kabla ya hapo walifanya kazi Criterion kwenye gemu za magari za Burnout. Ndiyo maana shaba mle inaonekana shaba, na mlango wa sefu ukifunguka unausikia uzito wake.

Kwa nini imemkamata? Kwanza, mle hakuna kinachokukimbiza. Huna adui, hufi, hakuna muda unaohesabiwa. Umewekewa kitu kimoja mezani, unakizunguka, unakipapasa. Pili, na hili ndilo kubwa kwangu, kila unachokiona kina kazi. Ukiona tundu, kuna kitu cha kuingia hapo. Ukiona pambo limelegea, linazunguka. Mtu aliyezoea kufungua saa anajua hakuna kipande kilichowekwa humo bure, na gemu nyingi hazimheshimu mtu mwenye akili ya namna hiyo. Hii inamheshimu.

Halafu kuna kidole. Droo hubofyi, unaivuta. Mkono wa mtambo unauzungusha kwa kuchora duara. Ni mwendo anaoujua tangu ujana, ila hapa mkono ukitetemeka kidogo hakuna kinachoharibika.

Akimaliza kuna The Room Two (2013), Three (2015) na Old Sins (2018). Mimi Old Sins naiweka juu ya zote: nyumba ya wanasesere, kila chumba unaingia ndani yake na vyumba vinategemeana. Barua za humo ni za Kiingereza lakini kasha halifunguki kwa barua, linafunguka kwa macho na mikono. Ile alama ya kuuliza ya kuombea msaada ndiyo atahitaji mtu wa kumsomea.

Mpwani:
Mwambie mama asione ajabu. Kule kwetu Unguja makasha ya kizamani, yale ya misumari ya shaba, yana droo tatu chini, na mengine yana kisehemu cha siri ndani ambacho bila kuonyeshwa hukijui. Watu wazima wameyapenda mambo haya tangu zamani.

Fundi Redio:
Mimi natofautiana na Mkuu wa Gereji. Kufungua kasha si kutengeneza. Kasha la gemu lina jibu moja lililokwisha kupangwa na mtu mwingine, wakati fundi anatafuta ubovu usiojulikana na anaamua mwenyewe njia. Mpeni saa kubwa ya ukutani aifungue na wajukuu, wapate ujuzi.

Kama lazima iwe gemu, basi Opus Magnum ya Zachtronics, ya 2017. Unajenga mtambo mwenyewe kwa mikono inayozunguka na kurefuka, inabeba chembe na kuziunganisha. Majibu hayana idadi. Ukimaliza unapimwa kwa gharama, kwa kasi na kwa nafasi uliyotumia, na huwezi kushinda vyote kwa pamoja, kwa hiyo unarudi tena kupunguza mkono mmoja hapa, hatua moja pale. Huo ndio ufundi.

BintiFundi:
Asante sana, kaka. Saa ya ukutani tulimpa. Skrubu ikimponyoka anaiweka saa chini na haongei mpaka usiku, na mimi siwezi kumrudisha pale. Nilipomuuliza kishkwambi kina tofauti gani na saa alinijibu, "Hapa hakuna kutu." Nadhani anapenda mtambo unaofanya kama ulivyochorwa, baada ya miaka yote ya vilivyovunjika. Opus Magnum inaingia kwenye kishkwambi?

Fundi Redio:
Hapo nimekuelewa, naondoa la saa. Opus Magnum ni ya kompyuta, na maelezo ya kuanzia ni Kiingereza. Iache mpaka mdogo wako arudi akae naye.

Mama Wawili:
Kwa upande wa lugha, mtafutie Machinarium. Ni ya Amanita Design ya Ucheki, ya 2009, na ipo Android. Roboti mdogo anaitwa Josef, anarefuka na kufupika, anakifikia tu kilicho karibu naye. Ukitoa maelezo machache ya mwanzo, hakuna maneno: wahusika wanasema kwa michoro kwenye viputo. Hata kitabu cha majibu ni michoro mitupu, na kukifungua lazima ushinde kamchezo kadogo kwanza. Mji mzima ni bomba, pampu na vyuma chakavu. Wanangu waliicheza na bibi yao asiyejua Kiingereza hata neno, yeye ndiye aliyekuwa akiwaonyesha.

House of Da Vinci ya Waslovakia (2017) nayo inafanana na The Room, mitambo ya mbao ndani ya Florence, ila mle kuna maneno zaidi.

Jambo moja: nunua, usipakue faili za mtaani. Hizi unalipa mara moja, ukishapakua anacheza bila bando wala matangazo katikati.

Mkuu wa Gereji:
Naunga mkono Machinarium kwanza, Old Sins baadaye. Na kuhusu macho, mama ana hoja. Kioo kinachosha, kwa hiyo acheze taa ikiwa imewaka na apumzike katikati. Lakini mpelekeni apimwe. Kwa umri wake kutoona skrubu kunaweza kuwa mtoto wa jicho, na huo hutibika kwa upasuaji.

BintiFundi:
Hilo la mtoto wa jicho hakuna aliyeliwaza hapa nyumbani. Wiki hii nampeleka kliniki ya macho, na Machinarium naipakua leo aikute akirudi msikitini.