Siku tatu Unguja na tumbo moja, naomba muongozo wa kula

Mlafi wa Tabata

Wakuu habari za muda huu. Mimi na wife tunavuka kwenda Unguja mwezi ujao, boti ya Ijumaa asubuhi na kurudi Jumapili jioni, kwahiyo ukitoa yale masaa mawili ya majini kwenda na mawili kurudi (na bahari ikichafuka wife hana ujanja kabisa) tunabaki na siku mbili na ushee hivi. Hatuendi kuogelea, hatuendi kuona kobe, majumba ya kale nitayaona njiani nikielekea kula. Tunaenda KULA.

Mara ya mwisho nilienda na shule, tulikuwa washamba tunaogopa kila kitu, nikala chipsi mayai siku zote, mpaka leo inaniuma. Sasa nasoma huku na kule kila mtu ananiambia Forodhani, Forodhani, ile bustani ya vyakula vya usiku ufukweni, mwingine ananitajia ule mgahawa uliojengwa juu ya jiwe katikati ya maji kule Michamvi, nimeangalia bei zake nikahisi naulizwa kuuza kiwanja. Nataka vile wanavyokula wenyewe. Halafu kuna jambo moja, wife ana mzio wa kamba na kaa, akigusa tu midomo inavimba, kwahiyo hapo nisaidieni pia. Wapi tuanze?

Kijana wa Gerezani

Anza na suruali ya lastiki mkuu 😂

Bi Mkunazini

Karibuni kwetu. Kaka, suala lako umeliuliza vibaya, unauliza wapi, ungeuliza saa ngapi. Unguja chakula kina saa zake na ukenda saa siyo utaambiwa kimekwisha, na hapo huna wa kumlaumu. Ukitafuta urojo saa mbili za asubuhi utachekwa, na mbaazi ukizitaka mchana utaonyeshwa sufuria tupu.

Asubuhi ni mbaazi za nazi kwa maandazi, au supu na mkate wa boflo, au chapati na maharage. Kina mama wanauzia barazani mitaa ya ndani, hakuna bango wala jina, weye fuata watoto walotumwa na mabakuli utafika tu. Saa tatu nyingi, baada ya hapo washakosha vyungu.

Mchana ni wali. Lukmaan pale Mkunazini penye mbuyu wageni washapajua zamani lakini na sisi bado twala pale, chakula unakiona kwa macho yako unaonyesha kidole, huyu samaki wa kupaka, yule pweza wa nazi, nipe na mchicha. Sasa nyinyi mnaingia Ijumaa. Msije mkashuka botini mkakimbilia chakula saa sita na nusu, hapo watu wanakwenda sala na maduka mengi yanafungwa, tulieni, mkawekeni mizigo, watu wakishatoka msikitini ndo mwende, na siku hiyo tafuteni biriani au pilau kwa sababu Ijumaa nyumba nyingi ndicho kinachopikwa na mikahawa inajua hilo.

Alasiri ndo urojo. Kaka urojo si supu, na usimwambie mtu wa Unguja kuwa ni supu. Ni uji mwepesi wa unga, una manjano, una ukali wa embe mbichi au ndimu, ndani yake munatiwa viazi, bajia, kachori, mshikaki ukitaka, yai ukitaka, halafu juu chatni ya nazi, pilipili na vile vichipsi vyembamba vya muhogo. Vichipsi vile ule haraka kabla havijalainika, wageni wanapiga picha mpaka vinageuka kama karatasi iloloa. Na pilipili mwambie akutilie pembeni, usijifanye mwanamme.

Usiku nitaandika baadae, mtoto analia.

Fundi Bajaji

Mkuu mimi nakuonya tu kuhusu hiyo Forodhani. Nilienda mwaka juzi na mchumba, nikavutwa mkono na jamaa mmoja mwenye kofia ya kipishi, ananiita brother brother, anataja samaki kama anasoma orodha ya mahudhurio, nikasema weka huyu, weka na yule, weka na kamba wakubwa wale, nimekaa nakula na taa za kandili nikajiona mtu. Kuja kulipa elfu themanini na tano. Nilibaki nimeshika kijiti cha mshikaki. Na yule pweza alikuwa mgumu kama mpira wa bajaji, na nasema hivyo kama fundi. Sijarudi na sirudi.

Kijana wa Gerezani

Elfu 85 na mchumba bado yupo?

Fundi Bajaji

Hayupo. Lakini si kwa sababu hiyo.

Bi Mkunazini

Nimerudi. Fundi pole, lakini weye uliuliza bei? Hukuuliza. Pale bei inaulizwa kabla sahani haijanyanyuliwa, kimoja kimoja, na ukiona mtu anazunguka jibu ondoka, kuna meza nyingine hatua tatu mbele. Wengi wao ni watu wazuri tu.

Ila ukweli n'kwambie, sisi Forodhani hatwendi kula samaki. Vile vijiti vimepangwa tangu magharibi, vinapashwa moto, vinarudi mezani, vinapashwa tena, ndo mana Fundi kakuta mpira. Sisi twenda kupunga upepo, tunakunywa juisi ya miwa ilokamuliwa pale pale kwa tangawizi na ndimu, watoto wanapiga mbizi kutoka ukutani, tunakula ile pizza, kisha twarudi nyumbani. Pizza ile haina uhusiano na Italia, ni unga unakandwa ukanyooshwa mwembamba kama wa chapati, ndani nyama ya kusaga, kitunguu, yai linapasuliwa mule mule, unakunjwa kama bahasha unakaangwa kwenye chuma. Wako wanaotia ndizi na chokoleti, hao mimi siwasemi.

Baada ya isha ukitaka kahawa nenda Jaws Corner, ile njia panda ya Mji Mkongwe. Kahawa tungu, kikombe kidogo, na kashata. Wazee wamekaa barazani wanabishana mpira na siasa, kaa pembeni usikilize, utacheka peke yako.

Mtoto wa Kibokoni

Salaam kutoka Mombasa. Hiyo "pizza" mnayojigamba nayo kwetu ni mkate wa mayai tangu tukiwa watoto, hamjavumbua kitu. Na hata huo urojo tunao, viazi vya rojo, ingawa nakubali wenu una makorokoro mengi zaidi ndani. Ndugu wa Tabata ukimaliza huko vuka mpaka uje ule mahamri kwa mbaazi upande huu ndo uamue.

Bi Mkunazini

Kila mwaka mnakuja na maneno haya haya. Mahamri na maandazi ni ndugu, tuache hapo kabla hatujafika kwenye biriani.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Nimeona la mzio nikaona nisipite kimya. Mlafi, pweza na ngisi si jamii moja na kamba na kaa lakini kuna watu wenye mzio wa kamba ambao pweza pia anawaletea shida, kwahiyo kama wife hajawahi kula pweza asiende kumjaribia kijijini kama Jambiani mbali na hospitali, amuulize daktari wake kwanza hapo Dar mkiwa bado na muda. La pili ambalo watu wanalisahau ni jiko. Hata akiagiza samaki, ule waya uliochomewa kamba dakika tano kabla ni ule ule, na mafuta ya kukaangia ni yale yale, Forodhani yote ndo iko hivyo. Tatu, aulize mboga, kuna wapishi wanatia kamba wakavu kwenye kisamvu na huwaoni kwa macho. Akisema "sili kamba" watafikiri hapendi tu, aseme "kamba wananidhuru", hapo watu wanasimama. Na dawa zake zikae kwenye mkoba, sio kwenye begi hotelini.

Mlafi wa Tabata

Nesi asante sana, hilo la waya wala sikuliwaza kabisa. Pweza hajawahi kula. Basi pweza ni wangu peke yangu, nitamlia na wa kwake 😂

Je kuna haja ya kutoka mjini au tubaki hapo hapo?

Mvuvi Pwani Mchangani

Kama pweza ni wako basi tokeni mjini siku moja, na kabla ya kukata tiketi angalia mwezi. Nasema mwezi wa angani. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndo tunapata bamvua, maji yanatoka mbali sana upande huu wa mashariki, Paje, Jambiani, Bwejuu, unaona watu wanatembea mwambani mpaka wanakuwa vidogo, kina mama wengi, wanachokoa pweza kwenye mashimo kwa vijiti na vyuma. Maji yakianza kujaa wanarudi naye, anapigwa pigwa chini mpaka alainike, anachemshwa, na hiyo ndo siku ya kumla. Ukija wakati wa maji mafu bahari haitoki hivyo na pweza utakayepewa huenda amelala kwenye barafu siku kadhaa. Halafu kuna vijiji wanafunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, ukibahatika kuangukia siku wanafungua utaona pweza wa ajabu.

Usiingie hoteli. Uliza mama lishe yuko wapi, mwambie unataka wa nazi kwa wali au kwa muhogo, subiri. Kusubiri lazima, hapa hakuna kitu kimepikwa kinakungoja. Jambiani ni daladala 309, inakwenda taratibu na inasimama kwa kila mtu na mzigo wake, lakini kwa nauli yake huwezi kulalamika. Wife mchukulie changu wa kuchoma, na mama umwambie asafishe waya kwanza kama alivyosema nesi.

Au samaki wa chukuchuku, yule anachemshwa kwa ndimu na pilipili na chumvi, hakuna nazi hakuna mafuta. Watu wa mjini wanamdharau. Mimi nikiumwa nataka huyo tu.

Kijana wa Gerezani

Na matunda je? Mnasahau shokishoki na duriani

Bi Mkunazini

Kama ni msimu atayaona Darajani sokoni, hayajifichi, duriani khasa pua itamwambia kabla ya macho. Asipeleke hotelini tu, watamfukuza. Juisi ya bungo aitafute, huko Tabata kuipata kazi.

Na halua usiisahau kaka. Inunue siku ya mwisho, ndani ya kile kikapu cha ukili, na uionje kabla ya kulipa. Nzuri haigandi menoni.

Mlafi wa Tabata

MREJESHO

Wakuu tumerudi jana. Nimeongezeka na sipimi.

Ijumaa tulimsikiliza Bi Mkunazini, tukakaa chumbani na njaa mpaka saa nane kasoro, wife kanuna, ananiambia nimemleta Unguja kufunga. Biriani ilipokuja akanyamaza dakika ishirini. Tuliomba ya kuku, lile rojo lake pembeni, na vitunguu vya kukaanga juu, sina la kuongeza. Urojo nilikula mara tatu kwa siku mbili, mara ya kwanza nilijifanya mwanamme kwenye pilipili kama nilivyoonywa, machozi yalitoka mbele za watoto wa skuli wakanicheka vizuri tu.

Forodhani tulikunywa miwa na kula pizza moja, nikauliza bei kabla, jamaa akataja, nikaondoka, akaniita akashusha, nikamkumbuka Fundi.

Jambiani tulienda Jumamosi. Mwezi tulikosea, ilikuwa maji mafu, mama lishe aliniambia ukweli mwenyewe bila kuulizwa kwamba pweza aliyenaye ni wa juzi, nile kitu kingine. Nikala chukuchuku. Mvuvi, watu wa mjini tunakosea sana. Wife alikula changu, waya ulisuguliwa kwa mchanga na majivu mbele yetu, midomo salama. Kwahiyo nimeenda Unguja nimerudi bila kuonja pweza, najua mtanicheka.

Mbaazi Jumamosi asubuhi tulizikuta, nyuma ya mtoto mwenye bakuli la kijani kama nilivyoelekezwa. Jumapili tukasema tunaenda tena, wife akawa anapaka paka vitu usoni, tumefika saa tatu na robo. Yule mama hakusema neno, aliinua sufuria akanigeuzia nione ndani.

Bi Mkunazini

😂😂 Na halua?

Mlafi wa Tabata

Tulinunua vikapu viwili, kimoja cha mama mkwe. Bahari ilikuwa shwari, wife hakutapika, akapata njaa. Kwa mama mkwe tumepeleka karafuu.