Natoka kilomita 21 kwenda 42 Moshi: naombeni ushauri wa njia ya Mweka na mambo ya kunywa

Mwalimu_GLM
Habari za jioni wanajamvi. Nimejiandikisha kukimbia 42 kwenye Kilimanjaro Marathon. Mwaka jana nilikimbia 21 palepale, nikapanda mlima wa barabara ya Mweka na kushuka, nikamaliza kwa saa 2 na dakika 31. Naishi Gongo la Mboto, nafundisha, kwa hiyo mazoezi ni alfajiri kabla ya kwenda shule, na Jumamosi ndiyo siku ya mbio ndefu. Mpaka sasa nimefika kilomita 26.

Naomba mnisaidie mawili: njia ya 42 ikoje, na ninywe na kula nini, wapi. Hili la pili linaninyima usingizi. Kuna mbio niliwahi kwenda mkoa mwingine, sisi wa nyuma tukakuta vituo viwili vya mwisho vya maji vimekauka. Meza tupu, vikombe vimetapakaa lami nzima. Mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi ndiye aliyenichotea maji kwenye ndoo yake, Mungu ambariki. Tangu siku ile nikiona kituo nakunywa mpaka tumbo linacheza, kwa hofu kwamba cha mbele hakitakuwa na kitu.

Pasua_Mjini
Karibu tena Moshi dada. Hiyo 42 nimeikimbia mara nne. Ielewe njia kwanza, maana ndiyo itakayokuambia unywe lini.

Mnatoka uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, mnashika barabara kuu ya kwenda Dar, mnageuza, mnarudi mjini. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza, na ukiilinganisha na inayofuata ni kama tambarare. Asubuhi bado kuna ubaridi, mlima mawingu hayajaufunika, miguu ni myepesi. Wengi wanaharibikiwa hapo hapo. Wanaenda na mwendo wa watu wengine, wanapita vituo bila kugusa kikombe kwa sababu hawasikii kiu.

Ukishafika mjini ndipo kupanda kunaanza. Mnatoka kama mita 830 juu ya usawa wa bahari mpaka karibu 1,150, na mnageuzia juu huko kwenye kilomita ya 32 hivi. Ni Mweka ileile uliyoipanda mwaka jana, ila mwaka jana ulikuja nayo miguu mipya. Safari hii unakuja na kilomita 21 mwilini, na jua la mwisho wa Februari limeshapanda. Migomba na mikahawa inakupa vivuli viwili vitatu, watoto wanakupigia makofi, lakini mlima haupungui. Kwa hiyo nywa na kula barabara ya Dar, wakati tumbo bado linakubali. Kule juu wengi tumbo linakataa kila kitu.

Nesi_wa_Zamu
Mwalimu, hofu yako naielewa, lakini hiyo ya kunywa mpaka tumbo linacheza iache kabisa. Kunywa kupita kiasi hushusha chumvi ya damu, na hilo linaua. Mwaka 2002 kule Boston walipima damu za wakimbiaji 488 walipomaliza marathoni, asilimia 13 wakakutwa chumvi imeshuka chini ya kiwango. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliomaliza wakiwa wameongezeka uzito, na waliotumia zaidi ya saa nne. Wewe kwa mwendo wako utakuwa barabarani saa tano na zaidi, muda wa kunywa kupita kiasi unao. Ukiona pete inabana kidole, kichwa kinagonga, kichefuchefu kimekushika na hueleweki unachosema, hapo si kiu. Simama, tafuta watu wa huduma ya kwanza.

Fanya hivi: jipime kwenye mzani kabla ya kukimbia saa moja bila kunywa, halafu jipime tena ukishajikausha jasho. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Siku ya mbio fuata kiu yako, na usizidi kiasi hicho kwa saa.

Na jamani, msimeze dawa za maumivu kama diklofenaki wala ibuprofeni asubuhi ya mbio. Mwili ukiwa umekaukiwa maji, dawa hizo zinaumiza figo.

Dafu_Tamu
Mimi najaza chupa maji ya madafu tu, mwanzo mwisho. Ya asili, hayana shida.

Nesi_wa_Zamu
@Dafu_Tamu ni mazuri, ila potasiamu ndiyo nyingi mle, sodiamu, yaani ile ya kwenye chumvi, ni kidogo, na jasho linatoa zaidi sodiamu. Tia chumvi kidogo.

Tende_Tatu
Niongezee upande wa kula. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini hautoshi kilomita 42. Wengi wanaishiwa kuanzia kilomita ya 30, na kwa njia hii hapo bado unapanda! Lenga gramu 30 mpaka 60 za wanga kila saa, ukianza saa ya kwanza kabla hujasikia njaa. Ndizi mbivu moja ni kama gramu 25, kikombe cha soda yenye sukari cha mililita 150 ni kama 15, pakiti moja ya jeli ya sukari ya wakimbiaji ni 20 hadi 25. Mimi natumia tende zilizotolewa kokwa, nazifunga kwenye mfuko mdogo kiunoni.

Usidanganyike kwamba ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, ni chakula. Ile ya nyumbani, lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, ina wanga kidogo mno kwa mbio ndefu. Chochote utakachotumia, kijaribu kwanza Jumamosi zako. Simbu wetu aliyeshinda dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo 2025, yeye na wa kiwango chake huwekewa chupa zao mezani. Sisi hatuwekewi, basi beba chako.

Kisarawe_Kwa_Miguu
Dada, uko Gongo la Mboto na milima ya Pugu iko mlangoni kwako! Usipande tu, jifunze kushuka. Zile kilomita kumi za mwisho kutoka Mweka ndizo zinazokata mapaja. Piga hatua fupi, usijivute nyuma kama unafunga breki.

Ukifika kituoni usivamie meza ya kwanza, nenda za mwisho, hazina msongamano. Minya mdomo wa kikombe uwe kama birika, unywe mafunda madogo ukitembea hatua ishirini.

Mwalimu_GLM
Nimerudi kutoka Pugu sasa hivi. Kabla kilo 64.2, baada ya saa moja 63.4. Kumbe napoteza kama mililita 800, na mimi Jumamosi iliyopita nilikunywa chupa tatu za nusu lita kwa saa hiyohiyo moja. Nesi, nashukuru sana, pete ilikuwa inanibana kweli na nikadhani ni joto.

Tende nimejaribu, mbili kila dakika 30, tumbo limetulia. Nimenunua mkanda wenye chupa ndogo mbili, nitaziacha zimejaa mpaka nianze kupanda, vituo vya barabara ya Dar nitatumia maji yao. Jumamosi ijayo nakwenda kilomita 30, na kumi za mwisho nazipangia mteremko.