SDR ipi ya mawimbi mafupi ukikaa karibu na mitambo ya redio?

mwanamasafa
Wakuu salamu. Nataka kununua SDR, yaani redio ya kuchomeka kwenye kompyuta, ya kusikilizia mawimbi mafupi, nimekwama kati ya RTL-SDR V4, RSP1B na Airspy HF+ Discovery. Shida yangu nakaa karibu na mnara wa redio. Kuna jamaa yuko nje anarudi wiki hii atanibebea, kwa hiyo nijibuni fasta.

Mzee wa Antena
Mnara upi? FM, mawimbi ya kati au mafupi? Antena gani? Na hiyo "karibu" ni mtaa wa pili au kijiji cha pili? Mnauliza kama mmeenda kwa mganga, yeye ndo aotee.

kidubwasha
Chukua V4 maliza kazi, dola 40 hivi tu, chenji kula chipsi.

mwanamasafa
Samahani mzee wangu. Niko Unguja, Kianga, kwa hiyo mitambo ya Dole ndo majirani zangu. Antena ni waya tu nimeutoa dirishani mpaka kwenye mwembe. Saa hizi natumia RTL-SDR V3 ya kuazima, ZBC (redio ya Zanzibar) wakiwa hewani pale 11735 kHz basi nawasikia kila ninapogusa, mpaka 17065 wapo!

Mzee wa Antena
Sasa tunaongea. Hiyo 17065 si uchawi kijana. V3 kwenye mawimbi mafupi inachukua sampuli moja kwa moja, saa yake (mapigo yanayoiongoza) ni 28.8 MHz, kwa hiyo kila kitu kinajikunja pale nusu yake, 14.4, na kituo cha chini kinatokea tena juu kama kwenye kioo. Toa 11735 kwenye 28800 uone unapata ngapi. V4 inayapandisha masafa juu kwanza, kwa hiyo mzuka huo hautouona, ila bado ni biti 8 na kila biti inakupa kama desibeli 6 tu za nafasi kati ya kituo kikubwa na kidogo. Jirani wa kilowati 50 akianza kuongea vituo vidogo vinafunikwa.

Bi Mawimbi
RSP1B jamani, biti 14, unaona upana wa masafa hadi MHz 10 kwa mpigo, na ina filta za kuzuia FM na mawimbi ya kati ndani kwa ndani. Mie ninayo na sijutii.

Mzee wa Antena
Bi Mawimbi hizo filta kwake hazimsaidii kitu, Dole kwenye 11735 si FM wala si mawimbi ya kati. Halafu filta ya RSP ya huko chini inaanzia 2 inaishia 12 MHz, maana yake akisikiliza 6 au 9 MHz jirani anapita mlangoni bila hodi. HF+ inaona kama kHz 660 tu kwa wakati mmoja lakini filta zake zinakufuata unapohama masafa.

Bi Mawimbi
Sasa kHz 660 si kuchungulia kwenye tundu la ufunguo huko? Na kati ya 31 na 60 MHz haishiki kabisa. Aipunguze gein (nguvu ya kukuza mawimbi) atasikia vizuri tu.

fundi_wa_Mbezi
Ngoja niwaambie kitu, kabla hamjabishana SDR angalieni antena. Mimi nilikuwa napanga nyumba Dar karibu na minara ya FM, nikanunua mtandaoni ile antena ya duara yenye amplifaya, muuzaji anaapa inanyamazisha kelele zote. Kufunga tu, 7 MHz bongo fleva, 9 MHz mahubiri, 15 MHz mtu anatangaza mkopo wa bodaboda. Nikaweka filta ya FM kwenye redio, wapi. Nikaazima redio ya mezani ya rafiki yangu, mambo yaleyale, namwandikia muuzaji ananiambia eti kompyuta yangu ina virusi. Kumbe amplifaya kule juu ndo ilikuwa imelewa, inachanganya stesheni yenyewe halafu inazishusha kwenye waya zikiwa zimeshaharibika, sasa filta huku chini itachuja nini? Nikaing'oa, nikaweka duara la kebo bila umeme wowote, kimya. Na duara unalizungusha mpaka jirani anafifia.

kidubwasha
Kwani kuna nini cha kusikiliza huko siku hizi? Fungua KiwiSDR ya mtu kwenye intaneti, bure.

Bi Mawimbi
Bando unamnunulia wewe?

Mzee wa Antena
Vipo vingi tu, Madagaska bado wanarusha kutoka Talata Volonondry. Ila ladha imepungua kweli, BBC walivyofunga kituo cha Shelisheli 2014 nilisononeka sana.

mwanamasafa
Kwa hiyo ninunue HF+ au nibaki na V3 nitengeneze duara kwanza? Jamaa anataka jibu leo. Duara la kipenyo gani?

fundi_wa_Mbezi
Mita moja inatosha. Umeme wa nyumbani kwako unatumia sola? Inveta nayo ni ugonjwa mwingine.

kidubwasha
Na taa za LED. Mie ya chooni ikiwashwa tu bendi ya 40 mita (7 MHz) yote imekufa, nani anajua taa zisizo na kelele zinauzwa wapi Kariakoo?